Feza ya pa meza ni yangu, lakini batoto banasema aksanti baba

Tantini, jambo. Miye ni mama wa miaka 36, ninaikala Katuba hapa Lubumbashi, niko na batoto bane, na bwana yangu tuko pamoya tangu miaka 13. Tulifunga ndoa ku komine, kisha ku kanisa, doti (mahari) ilitoka, hakuna kitu tuliruka. Ninakuandikia usiku juu muchana sina fasi ya kulilia, ku soko kuko bantu na ku nyumba kuko batoto.

Bwana yangu alikuwa shofere ya kamyo mu kampuni moya ndogo ya sutretansi, yenye kutumikia kampuni kubwa, banabeba mizigo ya migodi njia ya Kolwezi. Alikuwa anapata dola 450 kwa mwezi, haikuwa mingi lakini ilikuwa inakuya, tarehe tunaijua, deni ya duka tunailipa, minerval (feza ya masomo) ya batoto tunailipa hata kwa vipande. Kisha mu mwezi ya pili 2025 serikali ikasimamisha kobalti isitoke inje ya inchi. Kampuni ikasema ngojeni mwezi moya, kisha ngojeni tena, kisha kontra ikaisha na hakuna mutu alimuita kusaini ingine. Tangu ile siku eko ku nyumba.

Sasa miye njo ninalisha. Kila juma ninaenda Kasumbalesa, ku mupaka na Zambia, ninakamata bunga, mafuta, sabuni, ninarudi kuuzisha ku soko ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Juma ikikuwa muzuri ninabakia na dola 60, ikikuwa mubaya ninabakia na maumivu ya mugongo tu. Sikatai, Tantini. Nilisema ni bwana yangu, leo ni yeye kesho ni miye.

Lakini kuko kitu moya. Mwanzo mwanzo aliniambia hivi: mangaribi unipatie feza ya kula, asubui miye njo nitaiweka pa meza, batoto basianze kuniona sawa mutu wa bure. Nikaona haina mubaya. Basi kila mangaribi ninamupatia franka 20.000, anakunja anaweka mu shemizi, asubui anatokea amevaa vizuri anaweka pa meza chini ya kikombe, anasema na sauti ya kikubwa "mama, feza ya chakula njo hii", na batoto banasema aksanti baba. Na miye pia ninasema aksanti. Tulifanya vile miezi mingi. Siku moya mwana wetu wa kwanza, yeye ana miaka 12, akaangalia ile noti, akaniambia polepole mu kikuku (jikoni): mama, hii noti yenye kupasuka shi njo ile ulikuwa nayo jana ku soko, ile mama wa samaki tomson alikataa? Sikujua nimujibu nini, nilimutuma kuchota mayi.

Ile ningeimeza. Yenye siwezi kumeza ni hii. Mwezi yenye ilipita mutu moya alikuya ku mulango, amevaa muzuri, anaheshimu sana, ananiita "mama mukubwa", anauliza bwana eko wapi, juu miezi ine hajamuona. Njo nikajua. Mwezi ya ine bwana yangu alikopa dola 500 ku banki lambert, mutu wa kukopesha na riba kubwa, riba 30 kwa mia kila mwezi, na aliacha fishi parselere (karatasi) ya lupangu yetu, kiwanja ya Kasungami, kama garanti. Ile lupangu tuliinunua 2019, miye nilitia dola 1.200 ya likelemba yangu, ule muchango wa kupokezana, yeye akatia zingine, lakini karatasi iliandikwa jina yake peke yake juu njo vile banafanyaka. Leo yule mutu anasema deni imefika 1.100.

Na unajua ile 500 ilienda wapi? Ku doti ya mudogo yake. Familia iliketi, kila yaya atatoa kiasi fulani, na yeye sababu ni mukubwa akasema miye nitatoa 500, na hakutaka ndugu bajue kama kazi ilikwisha. Niliikala pale ku ile sherehe Tantini, nilipiga vigelegele, kumbe ninapigia lupangu yangu.

Sasa nimechoka. Bashemeki bangu, bandugu ba bwana, banasema nimekuwa bwana mu nyumba, ati feza ya Kasumbalesa imenipa kiburi. Mama yangu anasema nikitoka nani atarudisha doti, juu bamanseba (bajomba) bangu balishaikula zamani. Siku hizi nusu ya feza yangu ninaiacha kwa rafiki yangu ku soko, iko karibu dola 300, bwana hajui. Ninauliza tu: nitoke ao nikae? Nikitoka lupangu itakuwa ya nani? Na doti je? Yeye hajanipiga hata siku moya, hanywi sana, na hiyo njo inanichanganya zaidi.

Mama wa Katuba

—

Mwana yangu,

Nilisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nilisimama ku ile noti yenye kupasuka. Deni ya 1.100 ni kitu kikubwa, tutaiongea, lakini mwana wako wa miaka 12 alishakuambia mbele yangu kwamba hii teatre ya asubui imeisha. Wewe na baba yake muko munacheza mbele ya mutu yenye anajua.

Lakini nianzie kwingine kidogo, univumilie, juu mutu akiwa na miaka yangu hajibu swali bila kupita kwa nkambo (babu) yake.

Nkambo yangu mwanaume alitumika Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Babeleji. Ile kampuni, toka miaka ya 1920 kwenda mbele, iliona ni afazali mutumishi aikale na bibi yake mu kambi kuliko kila mara kutafuta banaume bapya mu vijiji, basi ikapatia banaume banyumba, ikapatia posho, na posho ilikuwa inahesabiwa: bibi eko, posho ya bibi iko, batoto bako, posho ya batoto iko. Bibi mwenye hakuandikwa hana posho. Nkambo mwanamuke alikuwa anatuambia siku ya posho banamuke banapanga mustari na mabeseni, na jina yenye inaitwa pale siyo yao, ni jina ya bwana. Unaona? Bwana kuwa mutu mwenye "analetaka", hapa kwetu, haikutoka mu Biblia peke yake wala mu desturi ya kijiji peke yake, ilitoka pia mu kitabu ya kampuni. Gécamines ilipokuya kisha kampuni kuwa ya serikali 1967, mambo ilibakia vile vile, bwana, nyumba, posho, masomo, hospitali, yote mu jina yake.

Kisha miaka ya 1990 ikaanguka. Mugodi ya Kamoto iliporomoka 1990, shaba ikapunguka mpaka ikakuwa kidogo sana, mishahara ikakosa miezi na miezi, na mu 2003 bantu zaidi ya 10.000 bakatoka ku Gécamines kwa ile "depar volontere", kuacha kazi kwa kupenda, kila mutu na feza yake ya mara moya. Miye nilikuwa mama mukomavu ile wakati, nilionaka na macho. Mu avenue yetu bwana moya alinunua minibusi, bibi yake hakuulizwa, minibusi ilikufa mu mwaka moya, ndoa ikafuata. Ingine, jirani ya upande wa kushoto, alileta feza yote, akaimwanga pa kitanda, akaita bibi, bakahesabu bote wawili mpaka usiku. Hawakutajirika, bakafungua kibanda ya makala na chumvi. Lakini balizeeka pamoya. Feza ilikuwa karibu sawasawa mu hizo nyumba mbili.

Ile wakati yote, nani alilisha muji hii? Bamama ba mikate, bamama ba makala, bamama ba Kasumbalesa, zile kilometa 90 na zaidi na mifuko juu ya kichwa ku bariere. Tangu ile wakati feza iko inaingia na mulango ya mama, na jina iko inabakia ku mulango ya baba. Bashemeki bako banasema wewe njo wa kwanza kuwa "bwana mu nyumba", baulize kwanza mama yao alilipa masomo yao na nini.

Sasa bwana yako. Kobalti balisimamisha tarehe 22 ya mwezi ya pili 2025, juu bei ilikuwa imeanguka sana ku soko ya dunia, na Kongo njo inatosha sehemu kubwa ya kobalti ya dunia nzima, basi bakasema tufunge kidogo bei ipande. Ilikuwa miezi ine, bakaongeza tatu, na tangu tarehe 16 ya mwezi ya kumi banaacha itoke kwa kota, kipimo yenye serikali inapanga, kwa 2026 ni tani 96.600, chini sana ya ile yenye ilikuwa inatoka mbele. Bei ilipanda kweli. Lakini bei kupanda kule na bwana yako kuitwa tena ni mambo mbili tofauti, kamyo yenye inabeba kidogo haiombi bashofere mingi. Ninakuambia hii juu wewe na yeye musiikale munangoja "kobalti ifunguliwe". Imeshafunguliwa, na simu yake haijalia. Ile kungoja njo inakula nyumba yenu kuliko deni.

Na hapa nitakukasirisha kidogo. Yeye alificha deni, ndiyo, alifanya mubaya sana, aliweka lupangu yako mu mukono ya mutu wa riba juu ya kuonekana mukubwa mbele ya bandugu. Sitamutetea. Lakini wewe pia uko na 300 kwa rafiki, na wewe pia kila mangaribi ulikuwa unasaidia kuficha, unampatia feza mu giza ili muchana ikuwe yake. Wote wawili mulikubaliana kwamba bwana bila mushahara ni aibu ya kufunikwa. Mutu mwenye anafunikwa ku nyumba, unafikiri atakuwa na nguvu ya kusema ukweli ku familia yake siku ya doti? Alifanya kule ile yenye alizoea kufanya pa meza yenu, tofauti ni kwamba kule hakukuwa mama wa kumupatia noti, njo akaenda ku banki lambert.

Haya, lupangu. Sikiliza vizuri na usibebwe na yule bwana wa shemizi ya muzuri. Kwanza tafuta kitabu ya ndoa ya komine, angalia mulichagua rejimu gani ya mali. Kama hakuna kitu muliandika, sheria inawaweka mu ile banaitaka "communauté réduite aux acquêts", maana yake ile yenye mulipata kisha ndoa ni ya bote wawili, hata kama karatasi iko na jina ya moya. Mulinunua 2019, ndoa iko miaka 13, hesabu mwenyewe. Kode ya famili (sheria ya familia) ya 1987 ilibadilishwa na sheria ya tarehe 15 ya mwezi ya saba 2016: mbele mwanamuke alikuwa anahitaji ruhusa ya bwana ili asaini ao aende ku tribinali, ile ruhusa ikatoshwa, na mali ya pamoya, zaidi nyumba na lupangu, siyo kitu ya moya kuuzisha ao kuweka garanti bila mwenzake kukubali. Ndiyo, ile sheria inasema bado bwana njo shefu ya nyumba, hiyo hawakuitosha, na bashemeki bako baifurahie, lakini shefu haiko mwenye kuuzisha peke yake. Inasema pia kila moya achangie mu nyumba kwa kipimo ya uwezo wake, haisemi bwana peke yake.

Tena ile fishi parselere. Ni karatasi, ndiyo, lakini haiko setifika ya anrejistrema, karatasi ya serikali ya kuandikisha udongo, na sheria ya udongo ya 1973 inajua ile setifika. Yule mutu ameshika kitu kizaifu na yeye anajua, njo maana anakuita "mama mukubwa". Nenda ku baro ya baavoka (mawakili), kuko biro ya konsiltasi ya bure, huko hawalipishi kwa kusikilizwa, beba kitabu ya ndoa, beba kila karatasi ya ile lupangu, beba na risiti ya likelemba kama kaye (daftari) yenu iko. Usiende kumusainia yule mutu kitu chochote mbele ya hapo, hata "rekonesansi" ya deni, karatasi ya kukubali kwamba munadaiwa, hata kama anasema ni ya utaratibu tu.

Na fanyeni hesabu yake mbele yake. Alikopa 500. Riba ni 150 kwa mwezi. Unaniambia ni miezi ine hajamuona, na kwa 1.100 yake ninaona miezi ine ya 150 juu ya ile 500, kwa hiyo mwezi ya tano, ya sita na ya saba alilipwa. Hiyo ni 450 ilishaingia mu mufuko yake. Batu ba hii kazi bengi banapenda kupata mutaji yao kuliko kuonekana ku tribinali bakieleza 30 kwa mia. Mupeleke mutu mukubwa wa kuongea naye, avoka ao mukubwa wa kanisa mwenye haogopi, bamuambie tutarudisha mutaji kwa vipande na karatasi inarudi ku kipande ya kwanza. Siahidi atakubali. Lakini ataanza kushuka.

Juu ya divorsi (talaka). Mulifunga ku komine, basi familia hata ikikaa mara kumi chini ya muti haiwezi kuwaachanisha, ni tribinali ya pe (mahakama ya amani) njo inatoa divorsi, na juji ataanza na kuwapatanisha, atataka kuona kama ndoa imeharibika kabisa kabisa. Doti, sheria inarudisha ile swali ku desturi ya kabila yenu: kurudisha yote, nusu, ao hata kidogo. Kwa hiyo muulize mukubwa mwenye anajua desturi ya upande wa bwana, siyo mama yako mwenye eko na hofu tu. Miye kwa maoni yangu, mwanamuke mwenye alizaa bane na alilisha nyumba, ile familia yenye itakuya kuhesabu mbuzi mbele yake ijiangalie kwanza. Na bamanseba bako benye balikula, ile ni kesi yao, usiibebe ku kichwa pamoya na mifuko ya bunga.

Utoke ao ukae? Kama alikuwa anakupiga ningekuambia toka leo, kesi tutaongea ukiwa kwa mama yako. Hapa naona mutu mwenye aibu imemuharibu akili, na bado sijaona kama anaweza kusema ukweli akipewa fasi. Kwa hiyo mupatie fasi moya, na iwe na siku. Usiku batoto bakilala, tosha daftari, andika ile yenye unapata, ile yenye munakula, andika deni, andika na ile 300 yako. Ndiyo, hiyo pia. Ni mutaji ya biashara, haiko dhambi, mwambie ni kiasi gani. Fasi yenye iko, hiyo si lazima umwambie, miye siko mujinga.

Kisha muulize swali hii: kila juma wewe unalipa gari ya mutu mwingine kukubebea mizigo toka Kasumbalesa. Ku nyumba yako kuko shofere ya kamyo, anajua ile barabara usiku na muchana, anajua bapolisi ba njia, anajua gari ikikohoa ni nini. Kwa nini haendeshi gari ya mwenye gari, anamupelekea mwenyewe feza yake ya siku, na mifuko yako inapanda? Najua atakuambia siwezi kuwa kondakta ya bibi yangu. Umwache aseme, usimujibu. Umuulize tena kisha siku mbili. Kama kisha mwezi moya jibu ni ile ile, na daftari imefungwa, na bashemeki bangali mu maneno, basi utakuwa umejibiwa na avoka atajua kuendelea, na hakuna mutu atasema ulikimbia juu bwana alikosa mushahara.

Batoto, baambie. Siyo deni, ile ni ya bakubwa. Baambie hii tu: baba kazi iliisha, mama anauzisha, baba anatafuta. Mukubwa wako atapumua, juu siku hizi zote alikuwa anabeba siri ya noti yake peke yake. Na ile 20.000, wacha kuipitisha ku shemizi.

Kitu moya ya mwisho. Riba ya kwanza ya yule mutu ilikuwa ya kulipa mwezi ya tano. Angalia mu nyumba nini ilitoka mwezi ya tano, tele, radiyo, jenereta, kitu chenye alisema "iko kwa fundi". Ukiipata, usimuulize jina ya fundi.

Tantini